Hivi injini ya kanuni ina tofauti gani na if-else elfu moja?

#1 Fundi Nyuzi

Wakuu, salama?

Kazini tuna mfumo wa kukubali na kukataa maombi ya mikopo, na kanuni zake ziko ndani ya Drools, ambayo ni injini ya kanuni. Kila mgeni akijiunga na timu anasimuliwa hadithi mbili. Ya kwanza, mtindo huu ni wa kutangaza: unaandika unachotaka, mashine inajua yenyewe itakifikiaje. Ya pili, watu wa biashara watakuwa wanaandika kanuni wenyewe bila kumsumbua mtu wa programu.

Mtu wa biashara sijamwona hata mmoja akifungua faili la kanuni. Lakini hiyo naisamehe. Inayonikera ni ile ya kwanza. Nikiulizwa kwa nini ombi fulani limekataliwa, siwezi kusoma kuanzia juu kwenda chini nikapata jibu. Ingekuwa if-else, yaani "kama hivi fanya hivi, la sivyo fanya vile", ningeweka kidole kwenye mstari na kusema "hapa".

Kwa hiyo msimamo wangu: injini ya kanuni ni if-else zilizonyang'anywa mpangilio, basi. Mwenye hoja aje.

#2 Kobe Polepole

Nimevuta kiti. Huu uzi utafika mbali.

#3 Mzee wa Terminal

Fundi, nakukatalia hapo kwenye "basi".

If-else hupita mara moja, kutoka juu hadi chini, na imekwisha. Injini ya kanuni inafanya kazi kwa mzunguko. Kuna ghala la ukweli, yaani taarifa zote inazozijua kwa sasa. Hatua ya kwanza inatafuta kanuni zote ambazo masharti yake yametimia. Hatua ya pili inachagua moja kati ya hizo. Hatua ya tatu inaitekeleza, na utekelezaji huo unaweza kuongeza, kubadilisha au kuondoa ukweli ghalani. Kisha inarudi mwanzo. Inasimama pale tu ambapo hakuna kanuni yenye cha kufanya.

Maana yake kanuni uliyoandika mwisho inaweza kuamsha uliyoandika mwanzo. Jaribu kuandika hivyo kwa if-else, utaishia kuizungushia while (kitanzi cha kurudia), kisha orodha ya "tayari nimeshafanya", na mwisho wa siku umetengeneza injini yako mwenyewe, mbovu.

Sasa, kama una kanuni 1,000 na ukweli 10,000, kupima kila kanuni dhidi ya kila ukweli kwenye kila mzunguko ni kujiua. Hapo ndipo Rete inapoingia, algorithimu ya kulinganisha kanuni na ukweli. Masharti yote yanageuzwa kuwa mtandao. Nodi za mwanzo zinapima ukweli mmoja mmoja ("daraja ni dhahabu?"), nodi za ndani zinaunganisha ("mteja huyu ndiye mwenye kapu hili?"), na kila nodi inakumbuka majibu yake ya nusu njia. Ukweli mmoja ukibadilika, badiliko hilo tu ndilo linalopita kwenye mtandao. Kanuni mia zenye sharti moja linalofanana zinatumia nodi ileile. Unalipa kwa kumbukumbu, unapata kasi.

#4 pweza_8

Mzee umetema madini. Hiyo Rete si ndiyo waliibuni NASA?

#5 Mzee wa Terminal

Hapana. NASA, pale Johnson Space Center, ndiko ilikotoka CLIPS, injini nyingine ya kanuni, mwaka 1985, nayo inatumia Rete. Rete yenyewe ni ya Charles Forgy wa Carnegie Mellon. Aliianza miaka ya 1970, tasnifu yake ya udaktari ni ya 1979, na makala inayonukuliwa sana ni ya 1982.

#6 Nukta Mkato

Nyongeza ndogo kwa Mzee kabla mtu hajaenda kuandika kwenye usaili: Drools kuanzia toleo la 6 imehamia algorithimu nyingine, PHREAK. Mizizi ni ya Rete lakini hii ni mvivu kwa makusudi. Haifanyi kazi ya kuunganisha hadi ione kanuni ina uwezekano wa kutekelezwa.

#7 Mzee wa Terminal

Kweli kabisa. Asante.

#8 Dada Jedwali

Mimi naona Fundi analalamikia kitu sicho. Kila siku unaandika SQL, lugha ya kuuliza databesi, si ndiyo? Unaandika SELECT yenye jedwali tano, hujui databesi itaanza na lipi, hujui itatumia faharasa gani, wala hulali njaa kwa sababu hiyo. System R, databesi ya utafiti ya IBM, ilishaonyesha miaka ya 1970 kwamba mashine inaweza kukadiria gharama za njia mbalimbali na kuchagua nafuu. Huo nao ni mtindo wa kutangaza, na hakuna anayefungua uzi kuuliza "mpangilio umeenda wapi".

Tofauti ni kwamba SELECT haibadilishi kitu. Data ile ile, swali lile lile, jibu lile lile, njia yoyote itakayopitwa. Kanuni zenu zina "BASI badilisha". Mkishaweka kubadilisha, mpangilio unakuwa sehemu ya maana. Kosa si la kutangaza, kosa ni kwamba nusu ya kila kanuni yenu haijatangaza chochote, imeamuru.

#9 Sina Bagi

"hakuna anayefungua uzi kuuliza mpangilio umeenda wapi"

Dada Jedwali, wewe hujawahi kuamshwa usiku kwa sababu takwimu za jedwali zimesasishwa, databesi ikaamua leo ipite njia nyingine, na swali lililokuwa la sekunde moja likawa la dakika kumi. Mpangilio upo. Umefichwa tu, na siku ukijitokeza unajitokeza na hasira.

#10 Dada Jedwali

Nimeamshwa sana. Lakini jibu lilikuwa sahihi, limechelewa tu. Fundi yeye anapata jibu ambalo hajui limetoka wapi. Na mimi nina EXPLAIN, ninaona njia yote. Fundi, injini yenu inakupa nini cha kufanana na hicho?

#11 Fundi Nyuzi

Ina wasikilizaji unaoweza kuwaunganisha, wanaandika kwenye logi kila kanuni inapotekelezwa. Shida ni kwamba logi inaniambia kanuni 47 imetekelezwa baada ya 12. Hainiambii kwa nini 13 haikutekelezwa. Na maswali ninayoulizwa karibu yote ni ya aina hiyo ya pili.

#12 Chura wa Bomba

Ngoja niwape kisa.

Sehemu niliyowahi kufanya kazi, kanuni za bima, kulikuwa na kitu kinaitwa salience. Kwa wasiojua, ni namba unayoibandika kwenye kanuni kusema "hii itangulie". Kubwa inashinda. Mwanzoni kanuni moja tu ilikuwa nayo, 10. Akaja mwingine akataka yake itangulie hiyo, akaweka 100. Wa tatu 1000. Nilipofika nilikuta kanuni ina 99999 na juu yake maelezo: "usiguse". Kulikuwa pia na za hasi, za watu waliotaka kuwa wa mwisho kabisa, nao wanashindana kushuka.

Ukizipanga zile kanuni kwa salience kutoka kubwa hadi ndogo unapata programu ya kawaida kabisa, mstari kwa mstari. Imetawanywa tu kwenye mafaili arobaini na kitu. Kwa hiyo Fundi uko sahihi na hauko sahihi. Injini haikunyang'anya mpangilio. Watu waliukataa uhuru huo wakaurudisha mpangilio kupitia dirishani.

#13 Kobe Polepole

99999 usiguse 😂😂😂

#14 pweza_8

Hiyo si ni !important ya CSS kabisa, ile alama ya kulazimisha mtindo wako wa ukurasa wa wavuti ushinde?

#15 Binti wa Kurasa

pweza_8 leo umeamka vizuri. Ndiyo. Na watu wanasahau kwamba CSS ni injini ya kanuni inayotumiwa na watu wengi kuliko Drools na CLIPS zikijumlishwa: sharti upande wa kushoto, tokeo upande wa kulia, na kanuni kadhaa zikigombea rangi ya kitu kimoja kuna utaratibu ulioandikwa wa nani anashinda. Umuhimu kwanza, kisha uzito wa kichaguzi (ile sehemu inayosema kanuni inahusu vitu gani), kisha iliyoandikwa mwisho. Injini za zamani nazo zina utaratibu wa aina hiyo: OPS5, lugha ya kanuni ya Forgy, inapendelea ukweli mpya zaidi, halafu kanuni yenye masharti mengi zaidi.

Lakini angalieni, kivinjari kinanionyesha kanuni zote zilizoshindwa, zimepigwa mstari katikati. Naona aliyeshinda na walioshindwa kwa pamoja. Hilo ndilo Fundi analililia pale #11. Kwa hiyo kwangu mimi hili ni tatizo la zana. Kutangaza hakuna kosa.

#16 Sina Bagi

Zana hazitakusaidia, Binti. CSS haina mzunguko. Rangi ikishaamuliwa haiendi kuamsha kichaguzi kingine. Drools inaenda.

#17 Binti wa Kurasa

Mmh. Hapo una pointi. Ingawa walipoleta masharti yanayotegemea ukubwa wa chombo (container queries) ilibidi wafikirie sana jinsi ya kuzuia hilo hilo duara.

#18 Kanzi

Nimesoma wote, na nadhani mnazunguka jambo moja bila kulitaja: nani anamiliki thamani.

Chukua Excel. Majedwali ya aina hii ni mtindo wa kutangaza tangu enzi za babu yake, VisiCalc ya 1979. Mamilioni ya watu wasiojua programu wanauweza, na hakuna anayeuliza mpangilio wa kukokotoa. Kwa nini? Kwa sababu kila seli ina fomula moja. Ukitaka kujua kwa nini D7 ni 450 unabofya D7. Mwisho wa habari. Duara likitokea inakataa, inakupigia kelele.

Kwenye injini ya kanuni, "punguzo" linaweza kuandikwa na kanuni kumi na mbili. Hakuna pa kubofya. Wale watu wa biashara mliowaahidi kwamba wataandika wenyewe, wanaandika kweli, kwenye Excel! Kisha wanawapa nyinyi mhamishie Drools.

#19 Fundi Nyuzi

Kanzi umenichoma 😅 ndivyo ilivyo hasa. Inakuja faili ya Excel kwa barua pepe.

#20 Mlinzi wa Nguzo

Naunga mkono #18 kwa kisa cha upande wangu, miundombinu. Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, nayo unaambiwa utangaze hali unayoitaka, kuna vidhibiti vinavyozunguka vikilinganisha hali iliyopo na inayotakiwa, vinasogeza taratibu. Inafanya kazi vizuri ajabu. Hadi siku unapoandika kwenye faili "nakala 3" na papo hapo umewasha kipimaji kinachoongeza nakala mzigo ukizidi. Kipimaji kinapandisha hadi 9, mtu anatuma toleo jipya, faili inasema 3, zinashuka hadi 3 mzigo ukiwa juu, kipimaji kinaanza kupandisha tena. Hakuna aliyekosea hapo, kila mmoja anatimiza tangazo lake. Dawa yake ni kuifuta hiyo "3" kwenye faili. Mmiliki mmoja.

#21 Mantiki Safi

Samahani nimechelewa. Naona uzi mzima unazungumzia kutangaza na hakuna aliyetaja Prolog, ni kama kusimulia harusi bila bibi harusi.

Prolog ni lugha ya programu ya kimantiki: Marseille, 1972, Colmerauer na Roussel. Haiendi mbele kutoka kwenye ukweli kama Drools, inaenda kinyumenyume kutoka kwenye swali. Unauliza "nani ni mhenga wa X?" inatafuta kanuni ambayo tokeo lake ni mhenga, kisha inauliza masharti yake, hivyo hivyo hadi ifike kwenye ukweli au ishindwe. Kwa swali la Fundi la "kwa nini ombi limekataliwa" hii ndiyo njia ya asili, kwa sababu ule mti wa maswali *ndio* maelezo. MYCIN ya Stanford miaka ya 1970 ilikuwa na kanuni mia tano hadi mia sita za maambukizi ya damu, inaenda kinyumenyume hivyo hivyo, na ungeweza kuiuliza "kwa nini unaniuliza hili?" ikakujibu kanuni inayoifuata.

#22 pweza_8

Na hospitali zilikuwa zinaitumia?

#23 Mantiki Safi

Hapana, haikuwahi kutumika kwa wagonjwa kama kazi ya kila siku. Ilipopimwa ilifanya vizuri ukilinganisha na wataalamu, lakini ilibaki ya utafiti. Iliyoingia kazini kweli ni R1, baadaye ikaitwa XCON, ya John McDermott. Kampuni ya kompyuta ya DEC waliitumia kupanga vipuri vya oda za kompyuta za VAX tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Iliandikwa kwa OPS5 ya Forgy yule yule. Ilianza na kanuni mia kadhaa ikafika maelfu, na kuitunza kukawa kazi ya timu nzima. Yaani malalamiko ya #1 yana umri wa miaka arobaini, Fundi usijione mpweke.

#24 Sina Bagi

Mantiki Safi, mbona hujasema kwamba Prolog nayo mpangilio unakung'ata? Andika

mhenga(X,Y) :- mhenga(X,Z), mzazi(Z,Y).
mhenga(X,Y) :- mzazi(X,Y).

uliza swali uone. Inajiita yenyewe hadi kumbukumbu inaisha. Kimantiki sentensi hizo hazina kosa hata chembe. Geuza mpangilio wa masharti kwenye mstari wa kwanza, mzazi atangulie, inafanya kazi. Kutangaza gani huko?

#25 Mantiki Safi

Robert Kowalski, mmoja wa waanzilishi wa programu za kimantiki, alishalijibu 1979: algorithimu ni mantiki ukijumlisha udhibiti. Hakuna aliyesema udhibiti haupo. Alisema vitenganishwe ili ubadilishe kimoja bila kuvuruga kingine. Na ukitaka mpangilio usiwe na maana kabisa ipo Datalog, ndugu mdogo wa Prolog. Sentensi zako mbili zitaishia vizuri, kwa mpangilio wowote, kwa sababu Datalog inaanza na ukweli inajenga juu yake hadi hakuna kipya. Bei yake: huruhusiwi kuunda vitu vipya ndani ya kanuni, na hakuna kubadilisha. Unaongeza tu.

#26 Chura wa Bomba

"huruhusiwi kubadilisha"... basi biashara nzima ya punguzo imekufa 😂

#27 Dada Jedwali

Haijafa. Hebu tuache maneno, nawapa fumbo. Mteja ni wa dhahabu, kapu lake lina bidhaa ya ofa, punguzo linaanza na 0.

K1: KAMA mteja ni dhahabu NA punguzo < 10 BASI punguzo = 10
K2: KAMA kapu lina bidhaa ya ofa NA punguzo > 5 BASI punguzo = 5

Mwisho punguzo ni ngapi?

#28 pweza_8

5

#29 Kobe Polepole

Kama ni if-else ni 5 kwa mpangilio huo. Ukigeuza ni 10.

#30 Mzee wa Terminal

Ndani ya injini haishii. K1 inaweka 10, hiyo inaamsha K2, inaweka 5, hiyo inaamsha K1. Feni ya seva itakuambia.

#31 Nukta Mkato

Wengi hapa watakimbilia kuweka no-loop kwenye zote mbili. Haisaidii. Ile inazuia kanuni isijiamshe *yenyewe*, na hapa zinaamshana. Ukitumia lock-on-active kwenye kundi lao, inasimama: K1 inaweka 10, na K2, ambayo haikuwa imeamshwa wakati kundi linaanza, inafungiwa nje. Jibu linakuwa 10. Lakini angalia umeamua nini hapo: umempa mteja punguzo kubwa kwenye bidhaa ya ofa, na uamuzi huo hauonekani kwenye sentensi yoyote ya biashara.

#32 Mantiki Safi

Mimi ningeandika hivi. Dhahabu inaleta *pendekezo* la 10. Ofa inaleta *kikomo* cha 5. Punguzo ni kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Hakuna kinachobadilishwa, mpangilio wowote unatoa 5, na sentensi ya tatu unaweza kumsomea mtu wa biashara akakubali au akakataa.

#33 Kanzi

Na punguzo limepata mmiliki mmoja. Karibu kwenye timu.

#34 Chura wa Bomba

Safi kwa kanuni mbili. Yule wa bima alikuwa na mia nne, zimeandikwa na watu walioshaondoka. Nani anajua kipi ni pendekezo na kipi ni kikomo? Mimi naendelea kuamini hili ni suala la watu kutozungumza. Ungewapa hao hao Datalog wangekuletea mapendekezo mia nne na vikomo mia nne.

#35 Nukta Mkato

Swali kwa Fundi ambalo nashangaa halijaulizwa. Kila ombi la mkopo likija mnaanzisha kikao kipya, mnaingiza taarifa za mwombaji, mnatekeleza, mnatupa kikao?

#36 Fundi Nyuzi

Ndiyo. Kila ombi na kikao chake.

#37 Nukta Mkato

Basi faida kubwa ya Rete na ndugu zake hamuipati. Ule ujanja wa kukumbuka majibu ya nusu njia unalipa pale ukweli unapokaa muda mrefu na kubadilika kidogo kidogo: vipima joto, miamala inayomiminika, arifa. Nyinyi mnajenga kumbukumbu kisha mnaitupa. Kanuni zenu zinaamshana kwa hatua ngapi hivi? Kama ni moja au mbili, nyinyi mnahitaji jedwali la maamuzi. Kuna kiwango cha kuandika maamuzi kinachoitwa DMN, cha shirika la viwango la OMG, toleo la 1.0 lilitoka 2015. Unachagua sera ya jedwali: ya kipekee, mistari miwili isiruhusiwe kukubali kwa pamoja; au ya kwanza ndiyo inayoshinda; au zikusanywe zote. Zana nyingi zinakuonyesha mapengo na mistari inayopandana kabla hujaipeleka kazini.

#38 Mzee wa Terminal

Na siku watakapotaka kanuni ya kuangalia historia ya mwombaji, wadhamini wake, na wadhamini wa wadhamini? Jedwali linakufa hapo. Msimvunjie mtu nyumba kwa sababu ya mlango. Ndani ya Drools ile ile upo ukweli wa kimantiki, insertLogical: kanuni ikiweka ukweli kwa njia hiyo, masharti yake yakikoma kuwa kweli injini inauondoa yenyewe. Fundi, mnaitumia?

#39 Fundi Nyuzi

Nimetafuta sasa hivi kwenye hazina nzima ya msimbo wetu. Haipo hata mahali pamoja. Ila salience zipo nyingi, ya juu kabisa ni 5000.

#40 Chura wa Bomba

5000 ni mtoto bado. Mwaka kesho njoo tena.

#41 Sina Bagi

Mimi bado sijasikia mtu akisema kwa nini usiandike tu funksheni mia moja safi zenye majaribio na kuziita kwa mpangilio ulioandikwa wazi. #32 ya Mantiki Safi naiandika kwa Python kwa mistari minne.

#42 Mantiki Safi

Na ukiiandika hivyo nitakuuliza "ni wateja gani punguzo lao lingebadilika kama kikomo kingekuwa 7?" Funksheni zako zinajua kwenda upande mmoja.

#43 Sina Bagi

Hilo swali nawapa watu wa SQL.

#44 Dada Jedwali

Mmeona? Wote mnarudi kwangu.

#45 Fundi Nyuzi

Shukrani wadau. Kesho nachora nani anaandika nini: kila sehemu ya ombi, na kanuni zinazoigusa. Nikikuta "hali ya ombi" ina waandishi zaidi ya kumi nitaileta hapa. Swali la haraka kwa Nukta Mkato: hizo zana za jedwali zinaweza kusoma faili ya Excel moja kwa moja?

#46 Nukta Mkato

Drools yenyewe inasoma majedwali ya Excel, siku nyingi. Ila mpangilio wa vichwa vya safu una masharti yake, usiwape watu wa biashara faili tupu.

#47 pweza_8

Kwa hiyo jibu la fumbo ni 5 au 10? Mimi nilisema 5.